Fisher: Bingwa wa takwimu aliyeipima chai kwa haki, asiwapime watu kwa mizani hiyo

KILA mwaka bonasi ya majani chai inapotangazwa, wakulima wadogo wa Kericho na Bomet huuliza swali moja: kwa nini kilo ya majani yao ilipwe pesa kidogo kuliko kilo iliyochumwa mashariki mwa Bonde la Ufa? Jibu wanalopewa mara nyingi ni kwamba ubora wa chai hizo haulingani, na kwamba wanunuzi katika mnada wa Mombasa huutambua ubora huo kwa kuitazama chai, kuinusa na kuionja. Huenda maneno hayo ni kweli tupu, huenda ni nusu ya kweli. Lisilo na shaka ni kwamba karo ya watoto na mkate wa familia nyingi katika vilima hivyo hutegemea, kwa kiasi fulani, ulimi wa mwonjaji.

Swali la iwapo ulimi wa binadamu unaweza kuaminiwa si geni. Takriban miaka 100 iliyopita lilizuka mezani wakati wa chai ya alasiri katika kituo cha utafiti wa kilimo nchini Uingereza. Aliyelitafutia njia ya kulijibu alikuwa mtu mwenye macho dhaifu, hasira za karibu na akili ya kupigiwa mfano. Jina lake lilikuwa Ronald Aylmer Fisher. Kanuni alizoziweka ndizo zinazotumika hadi leo kupima hisi na umakinifu wa binadamu katika maabara, kupima dawa hospitalini, na kupima mbolea na miche katika mashamba ya chai ya Kericho.

Hata hivyo, maisha ya msomi huyo yana funzo la pili, nalo ni chungu. Mtu aliyewafundisha walimwengu kutoamini dai lolote kabla ya kulipima kwa haki aliwahukumu wanadamu wenzake kwa mizani nyingine kabisa.

Macho dhaifu, akili pevu

Fisher alizaliwa Februari 17, 1890 katika mtaa wa East Finchley, kaskazini mwa jiji la London. Alizaliwa pacha, lakini mwenzake alizaliwa akiwa mfu. Baba yake, George, alikuwa dalali wa minada ya kazi za sanaa, na kwa miaka kadhaa familia hiyo iliishi kwa raha. Neema hiyo haikudumu. Mama yake, Katie, alifariki Fisher alipokuwa na umri wa miaka 14, na muda si mrefu baadaye biashara ya baba ikaporomoka. Kijana akabaki kutegemea ufadhili wa masomo, kwanza katika shule ya Harrow, kisha katika chuo cha Gonville and Caius kilichoko Cambridge, alikojiunga mwaka wa 1909.

Tangu utotoni macho yake yalikuwa mabovu mno. Matabibu walimkataza kusoma kwa mwanga wa taa ya umeme, hivyo masomo yake ya jioni katika hisabati yakafanyika bila karatasi, kalamu wala ubao. Mwalimu alisema, mwanafunzi akasikiliza na kuyachora maumbo akilini mwake. Mazoea hayo yalimpa kipaji cha ajabu: aliweza kuliona jawabu la swali gumu kama mtu anavyouona mlima mbele yake. Yalimpa pia kasoro iliyowasumbua wasomaji wake maisha yote. Aliruka hatua ambazo yeye aliziona wazi, na wengine wakachukua miaka kuzithibitisha.

Alihitimu mwaka wa 1912. Alifanya kazi katika shamba moja nchini Canada kwa muda, kisha katika kampuni ya uwekezaji jijini London. Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka mwaka wa 1914, alijaribu kujiunga na jeshi akakataliwa kwa sababu ya macho. Akawa mwalimu wa shule, kazi ambayo hakuipenda wala haikumpenda. Mwaka wa 1917 alimwoa Ruth Eileen Guinness, msichana wa umri wa miaka 17, wakaanza maisha katika kishamba kidogo wakijilimia chakula chao wenyewe na kufuga. Walijaliwa watoto wengi. Mwana wao wa kwanza, George, aliyekuwa rubani wa kivita, aliuawa mwaka wa 1943.

Mwaka wa 1919 milango miwili ilifunguka kwa wakati mmoja. Karl Pearson, mtakwimu mkuu wa zama hizo, alimwitia kazi katika maabara yake jijini London. Wakati huo huo Sir John Russell, mkurugenzi wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted katika jimbo la Hertfordshire, alitaka mtu wa kupekua kumbukumbu za miongo mingi. Fisher, ambaye tayari alikuwa amekwaruzana na Pearson, alichagua shamba.

Udongo wadanganya macho

Rothamsted palikuwa na shamba la ngano liitwalo Broadbalk, lililokuwa likifanyiwa majaribio ya mbolea tangu mwaka wa 1843. Mavuno ya kila mwaka yalikuwa yameandikwa kwa uangalifu. Tatizo ni kwamba hakuna aliyejua kwa yakini ni tofauti ipi ililetwa na mbolea na ipi ililetwa na mvua, udongo au magugu.

Mkulima yeyote wa Litein, Kapkatet au Sotik ataielewa shida hiyo bila kuelezwa na profesa. Tuseme unataka kujua ni mbolea ipi kati ya mbili inayozidisha majani. Ukiiweka ya kwanza karibu na mto, mahali penye udongo mweusi, na ya pili juu kileleni palipomomonyoka, ya kwanza itashinda hata kama si bora. Ukijaribu kuchagua mwenyewe vipande vya shamba unavyoona vinalingana, bado moyo wako utakuelekeza kuipa ile unayoipenda mahali pazuri, pengine bila wewe mwenyewe kutambua.

Dawa ya Fisher ilikuwa rahisi kiasi cha kuwachekesha wakuu wa wakati huo. Ligawe shamba katika makundi ya vipande vinavyokaribiana kwa rutuba. Ndani ya kila kundi, kura iamue ni kipande kipi kitapewa mbolea ipi. Rudia jambo hilo hilo mara kadhaa. Kisha pima mavuno na uyatenganishe kwa hesabu: sehemu iliyoletwa na mbolea, sehemu iliyoletwa na mahali, na sehemu isiyo na sababu inayojulikana. Wataalamu waliokuwa wamezoea kupanga mambo kwa utaratibu mzuri waliona ni kichaa kuiachia kura kazi ya sayansi. Fisher alishikilia kwamba kura ndiyo hakimu pekee asiyejua tunataka nini.

Mawazo hayo aliyaeleza katika kitabu chake cha mwaka wa 1925 kuhusu mbinu za takwimu kwa watafiti, na kwa ukamilifu zaidi katika kitabu cha mwaka wa 1935 kuhusu upangaji wa majaribio. Ni katika sura ya pili ya kitabu hiki cha pili ambapo msomaji anaandaliwa vikombe vinane vya chai.

Vikombe vinane vya chai

Kisa chenyewe kilitokea mwanzoni mwa miaka ya 1920. Alasiri moja huko Rothamsted, Fisher alimkinga chai Dkt Muriel Bristol, mtaalamu wa mwani aliyefanya kazi katika kituo hicho. Mama huyo aliikataa. Alieleza kwamba Fisher alikuwa ametangulia kumimina chai kikombeni na kuongeza maziwa baadaye, ilhali yeye alipenda maziwa yatangulie. Fisher alicheka, akisema tofauti hiyo haiwezi kuonekana kwa ulimi. Bristol alishikilia kuwa yeye huitambua. Mwanakemia William Roach, ambaye baadaye alimwoa Bristol, akapendekeza wampime.

Kwa Mkenya mzoefu wa chai inayochemshwa pamoja na maziwa katika sufuria moja, ubishi huo ni wa watu wasio na kazi. Lakini Fisher aliona ndani yake swali zito. Mtu anadai kwamba hisi zake zinatambua kitu ambacho sisi wengine hatukitambui. Tutamjaribu vipi ili tusimwonee, naye asitughilibu?

Kikombe kimoja hakitoshi, kwa kuwa hata mtu anayekisia ana nafasi nusu kwa nusu ya kupata. Fisher alipanga vikombe vinane: vinne vilivyotangulizwa maziwa, vinne vilivyotangulizwa chai. Mwonjaji ajulishwe kwamba ni vinne kwa vinne, kisha avitenge. Kuna njia 70 za kuchagua vikombe vinne kati ya vinane, na ni moja tu iliyo sahihi kabisa. Kwa hivyo anayebahatisha atafaulu mara moja kati ya mara 70, na akifaulu tuna sababu ya kuacha kumcheka. Lakini akipata vitatu na kukosa kimoja, tusipige vigelegele. Njia 16 kati ya hizo 70 zinatoa matokeo ya namna hiyo, kwa hivyo anayekisia atapata vitatu au zaidi karibu mara moja katika kila majaribio manne.

Kisha kuna suala la mpangilio. Haiwezekani kuvifanya vikombe vinane vifanane kwa kila hali. Kimoja kitakuwa kinene zaidi, kingine kitapoa upesi, kingine kitazidishwa tone la maziwa. Ulimi wenyewe huchoka, na ladha ya kikombe cha pili huathiriwa na cha kwanza. Akili nayo huvizia dalili: ikiona vikombe vinapangwa kwa zamu, itafuata zamu badala ya ladha. Ukijaribu kusawazisha kila kitu hutamaliza. Ukiiacha kura iamue kikombe kipi kije lini, hitilafu hizo zote zinapoteza nguvu ya kumpendelea yeyote.

Fisher hakuwa wa kwanza kutumia bahati kupima hisi. Mjerumani Gustav Fechner alikuwa amechapisha kitabu chake kikuu kuhusu upimaji wa hisi mwaka wa 1860. Nao Wamarekani Charles Peirce na Joseph Jastrow, katika miaka ya 1880, walitumia karata kuamua mpangilio wa vipimo walipochunguza tofauti ndogo kabisa ya uzito ambayo mkono unaweza kuihisi. Alichofanya Fisher ni kuigeuza hila hiyo ya maabara kuwa kanuni ya kila jaribio, iwe la viazi, la panya au la binadamu. Hii leo, mtafiti anayepima jinsi dereva anavyotambua taa nyekundu, au jinsi mtoto anavyoshikilia umakinifu darasani, huanza kwa kura.

Je, Dkt Bristol alifaulu? Kitabu hakimtaji kwa jina wala hakitoi matokeo. Waliokuwapo walisimulia baadaye kwamba alifaulu vyema. Wanakemia wameonyesha kwamba dai lake halikuwa upuuzi: maziwa machache yakimiminwa ndani ya chai inayofuka moto, protini zake huharibika kwa joto na kuibadilisha ladha. Utaratibu wa kimataifa wa kuandaa chai ya kuonjwa, uliotolewa mwaka wa 1980, unataka majani yaloweshwe kwa dakika sita, na kama maziwa yatatumika, kwa kawaida yatangulie.

Kura yafika Kericho

Miaka ile ile ubishi ulipokuwa ukiendelea Rothamsted, sura ya Kericho ilikuwa ikibadilishwa milele. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza serikali ya kikoloni ilikuwa imetwaa ardhi ya Wakipsigis na kuwagawia maafisa wa jeshi la Uingereza waliojeruhiwa vitani, ili walime kitani. Kilimo hicho kiliporomoka. Kuanzia miaka ya 1924 na 1925, kampuni za Brooke Bond na James Finlay zikaingia na kupanda chai kwa maelfu ya ekari. Wenyeji wengi wakawa vibarua au maskwota katika ardhi ya babu zao, na madai ya fidia yanaendelea hadi leo.

Taasisi ya Utafiti wa Chai ya Afrika Mashariki ilianzishwa Kericho mwaka wa 1951. Baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka wa 1977, kazi yake ilichukuliwa mwaka wa 1980 na wakfu wa utafiti wa chai wa Kenya, na siku hizi taasisi hiyo iko chini ya shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO. Katika vipande vya majaribio vya Timbilil, kanuni za Fisher ni sheria ya kila siku. Mche mpya unapotaka kuthibitishwa, hupandwa sambamba na miche ya zamani, kura ikiamua kila mmoja ukae wapi, na majani yake hupimwa mchumo baada ya mchumo kwa miaka. Ndivyo walivyochujwa mche maarufu wa TRFK 6/8, unaosifiwa kwa ubora wa chai yake, na mche wa chai ya zambarau wa TRFK 306, uliotolewa kwa wakulima mwaka wa 2011.

Hivyo mkulima wa Bomet anayeambiwa kwamba mche fulani unastahimili ukame kuliko mwingine ana haki ya kuamini. Mche ule ulipewa nafasi sawa ya kushindwa.

Mganga hajigangi

Hapa ndipo maisha ya Fisher yanapotia simanzi. Alipokuwa mwanafunzi Cambridge mwaka wa 1911, alikuwa miongoni mwa waasisi wa chama cha yujeniki chuoni humo. Yujeniki ilikuwa itikadi ya kutaka kuboresha kizazi cha wanadamu kwa kuwahimiza wanaodhaniwa kuwa bora wazae zaidi, na wanaodhaniwa kuwa duni wapunguze. Fisher hakuiacha alipokua. Kitabu chake cha mwaka wa 1930 kuhusu uteuzi asilia ni nguzo ya elimu ya viumbe hadi leo, lakini sura tano za mwisho kati ya kumi na mbili zinahusu jamii za wanadamu na hofu kwamba matabaka ya juu hayazai vya kutosha. Mwaka wa 1933 alipewa kiti cha uprofesa wa yujeniki katika chuo kikuu jijini London, akimrithi Pearson.

Itikadi hiyo haikubaki Ulaya. Mwaka huo huo wa 1933, walowezi na madaktari walianzisha jijini Nairobi chama cha kuchunguza uboreshaji wa mbari, kikiongozwa na Dkt H. L. Gordon wa hospitali ya Mathari. Mwaka wa 1934, Dkt F. W. Vint alichapisha matokeo ya kupima ubongo wa Waafrika 100 waliofariki, akadai kwamba ni mwepesi kuliko wa Mzungu na kwamba haujakomaa. Gordon na wenzake waliyapeleka madai hayo London kuomba msaada wa utafiti zaidi, wakiwaendea watu wa chama cha yujeniki, ambacho Fisher alikuwa miongoni mwa vinara wake.

Tulipime dai hilo kwa sura ya vikombe vinane. Maiti za watu waliofia hospitalini katika mji wa kikoloni, wengi wao maskini na wagonjwa, zililinganishwa na wastani uliopatikana Ulaya, kwa mikono mingine na katika hali nyingine. Mpimaji alijua kila ubongo umetoka kwa nani. Hapakuwa na kura wala ulinganifu. Ilikuwa ni sawa na kumwonjesha Dkt Bristol chai ya Rothamsted na maziwa ya mji mwingine, kisha kumtangazia matokeo kabla hajaonja. Mwaka uliofuata Fisher alichapisha kitabu ambacho kingetosha kuubomoa utafiti wa aina hiyo.

Hukumu za jumla zilikuwa na uzito wake katika nchi ya chai. Mwaka huo huo wa 1934, serikali ya kikoloni ilitunga sheria maalumu ya kuuhamisha ukoo mzima wa Talai kutoka Kericho hadi Gwassi, karibu na Ziwa Victoria, wazee kwa watoto, kwa tuhuma kwamba viongozi wake wa kidini walikuwa wachochezi. Hakuna aliyepimwa peke yake.

Vita Vikuu vya Pili vilipoufichua unyama uliotendwa kwa jina la mbari, UNESCO ilitoa taarifa za wanasayansi kupinga ubaguzi. Fisher alikuwa miongoni mwa waliotoa pingamizi zilizochapishwa mwaka wa 1952. Alishikilia kwamba makundi ya wanadamu yanatofautiana kwa kina katika uwezo wa kuzaliwa nao wa akili na wa hisia. Hakuonyesha jaribio lolote lililotenga kilichozaliwa na mtu na kile alichofunzwa au kunyimwa.

Watafiti wengine walilipima jambo hilo kwa uangalifu zaidi, na baadhi yao walifanya kazi Afrika Mashariki. Mwaka wa 1966 Wamarekani Marshall Segall, Donald Campbell na Melville Herskovits walichapisha utafiti uliohusisha zaidi ya watu 1,800, wakiwemo Wanyankole na Watoro wa Uganda. Waliwaonyesha michoro ya mistari inayohadaa macho, baada ya kuhakikisha kwamba kila mmoja ameelewa swali. Katika mchoro mmoja mashuhuri, wakazi wa Evanston nchini Marekani walihadaika zaidi kuliko makundi mengi ya Waafrika. Watafiti walieleza kwamba jicho hufunzwa na mazingira, na aliyekulia katika vyumba vya pembe mraba huona tofauti na aliyekulia mahali pengine.

Kericho yenyewe ilitoa funzo lililo karibu zaidi. Katika miaka ya 1970, Sara Harkness na Charles Super waliishi na Wakipsigis katika jamii ya wakulima ya Kokwet. Watoto waliosimuliwa hadithi na mtu mzima mgeni kisha wakaombwa kuirudia mara nyingi walinyamaza, na kwa vipimo vya kigeni wangeandikwa kuwa wazito wa akili. Lakini watoto hao hao walichunga ng'ombe, walilea wadogo zao na kupiga soga wao kwa wao bila shida. Walikuwa wamelelewa kumsikiliza mkubwa kwa heshima, si kujishaua mbele yake. Jaribio lilikuwa limepima adabu likadhani limepima akili.

Moshi wa kiko

Ukaidi wa Fisher ulijitokeza tena uzeeni. Kuanzia mwaka wa 1950, Richard Doll na Bradford Hill walikuwa wameonyesha kwamba wavutaji sigara hupatwa zaidi na saratani ya mapafu. Fisher, mvutaji wa kiko na mshauri aliyelipwa na watengenezaji tumbaku, alipinga hadharani mwishoni mwa muongo huo. Alihoji kwamba haikupigwa kura ya nani avute na nani asivute, hivyo huenda kuna jambo la urithi linalosababisha yote mawili, hamu ya tumbaku na ugonjwa. Hoja hiyo ilikuwa na mantiki. Lakini ushahidi ulipozidi kuongezeka kutoka pande zote, hakuupima kwa moyo mweupe. Mtu aliyedai uthibitisho mkali kuhusu sigara hakuudai kuhusu mbari.

Tusimnyime haki yake. Alipewa taadhima ya Sir mwaka wa 1952, baada ya kuwa profesa wa elimu ya urithi Cambridge tangu mwaka wa 1943. Hesabu zake za mwaka wa 1922 zilieleza jinsi chembe ya urithi yenye madhara inavyoweza kudumu ikiwa anayeirithi kwa mzazi mmoja tu anapata kinga fulani. Mwaka wa 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwa utafiti wa Afrika Mashariki kwamba ndivyo ilivyo kwa ugonjwa wa selimundu na malaria. Aidha, Fisher alizuru India na kushirikiana kwa miaka mingi na mtakwimu P. C. Mahalanobis, urafiki usiooana kwa urahisi na maandishi yake kuhusu mbari.

Alistaafu mwaka wa 1957 na kuhamia Adelaide nchini Australia miaka miwili baadaye. Alifariki huko Julai 29, 1962, akiwa na umri wa miaka 72, baada ya kufanyiwa upasuaji wa saratani ya utumbo. Majivu yake yamehifadhiwa katika kanisa kuu la St Peter's mjini humo. Mwaka wa 2020, wakati ulimwengu ulipokuwa ukihoji upya kumbukumbu za ubaguzi, chuo chake cha Gonville and Caius kiliondoa dirisha la vioo lililotengenezwa kumuenzi, na jumuiya za watakwimu za Amerika Kaskazini zikaliondoa jina lake kwenye mhadhara wao wa heshima.

Dirisha linaweza kuondolewa, lakini kura haiwezi kuondolewa katika sayansi, wala haifai. Mnamo Mei 2023 waandamanaji waliteketeza mashine za kuchuma majani chai katika mashamba ya Kericho. Kiini cha mzozo huo ni ajira, lakini nyuma yake kuna dai jingine, kwamba majani ya mkono na ya mashine hayatoi chai sawa. Dai hilo linapimika. Hali kadhalika dai kuhusu bonasi. Bei ya chai hutokana na mengi: mwinuko wa shamba, aina ya miche, uangalifu wa uchumaji, gharama za kiwanda, usimamizi na hata sifa ya jina. Sehemu inayosemekana kuwa ya ladha inaweza kutengwa na nyingine. Chai za mashariki na magharibi mwa Bonde la Ufa ziandaliwe kwa uzito sawa wa majani, maji yale yale na dakika zile zile, majina ya viwanda yafichwe, na kura iamue mpangilio wa vikombe. Mwonjaji akizitenga, mkulima atajua kwamba kazi iliyobaki iko shambani na kiwandani. Akishindwa, wanaopanga bei watakuwa na maswali ya kujibu.